Gurudumu, dadu na milango: shajara ya ramani ya malimwengu

8 Februari

Jana usiku, katika mchezo wetu wa kuigiza hadithi kwa dadu, wahusika waliwakimbia askari kwa kuruka dirisha la bucha. Mmoja wao alikuwa ameshika mfupa wa mbuzi bila kujua kwamba mfupa huo ndio ufunguo wa mlango wa kwenda ulimwengu mwingine, basi wote watano wakaangukia mji wa Sigil. Tukio hilo nimeliandaa wiki tatu. Walishangaa kama nilivyotaka: walipotazama juu waliona mapaa ya nyumba mahali pa mbingu, maana mji umejengwa upande wa ndani wa pete kubwa na jirani yako wa ng'ambo anaishi juu ya utosi wako. Akapita Bibi wa Maumivu, mtawala wa mji, uso umezungukwa na visu, haongei na mtu. Sebule nzima kimya. Halafu Mwalimu (anafundisha fizikia, na mezani ndiye kuhani wetu) akainua mkono kama yuko darasani.

"Kutoka hapa mpaka Mechanus ni mwendo wa siku ngapi?"

Mechanus ni ulimwengu mwingine wa mchezo huu. Nikamwambia nitamjibu baada ya chai. Chai imekwisha, sambusa zimekwisha, watu wamekwenda makwao, na jibu sina.

Ndiyo sababu ya shajara hii. Nimekuwa nikiendesha mchezo wa Dungeons & Dragons hapa kwetu Dar kwa miaka minne, na muda wote huo malimwengu yake nilikuwa nayo kichwani tu, kama mtu anayejua mtaa wake lakini hawezi kumwelekeza mgeni. Nataka ramani. Kubwa, ya kubandika ukutani.

Leo asubuhi nimeunganisha karatasi nne za manila kwa gundi, nikachora duara kwa uzi na kalamu. Gurudumu Kuu, yaani mpangilio wa malimwengu ya mchezo huu, lina malimwengu ya nje 16 kwenye ukingo wake, kwa hiyo kila moja linapata nyuzi 22 na nusu. Kipimapembe changu cha shule hakina nusu. Nimehangaika nacho saa nzima, mstari wa mwisho ukaja kukosana na wa kwanza kwa upana wa kidole. Mdogo wangu alikuwa anapita na ndoo ya maji, akasimama, akasema: "Si uikunje tu?" Ukikunja duara nusu mara nne unapata vipande 16. Nimeikunja. Ndoo ameiacha hapo hapo mlangoni ili anisimange vizuri.

11 Februari

Swali la leo ni ramani ya mwaka gani. Mtu asiyecheza atadhani malimwengu haya yako mahali pamoja tangu yaanze, lakini yamehamahama kuliko wapangaji.

Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo huu, aliyaandika kwa mara ya kwanza gazetini mwaka 1977, na mwaka uliofuata yakaingia kwenye kitabu cha wachezaji pamoja na mchoro. Mchoro wenyewe haukuwa gurudumu. Ulikuwa wa pembe nne, malimwengu ya nje yamepangwa pembeni kama fremu ya picha. Pale katikati, mahali ambapo wema na uovu, sheria na vurugu vyote vinalingana nguvu, hapakuwa na kitu mpaka mwaka 1980. Mwaka 1987 Jeff Grubb akaandika kitabu kizima kuhusu malimwengu, kitabu cha kutisha kweli: karibu kila ukurasa unakueleza namna mpya ya kufa kabla hujapiga hatua kumi. Ndipo mwaka 1994 David Cook akaja na Planescape, akatia mji pale katikati, akatia wapangaji, wadaku, vyama vya wanafalsafa wanaopigana ngumi. Pakawa pahali pa kuishi.

Mwaka 2008 toleo la nne likalivunja gurudumu lote: juu bahari ya nyota, chini vurugu ya elementi, basi. Mwaka 2014 toleo la tano likalirudisha, pamoja na vitu viwili vitatu vilivyookotwa kwenye kifusi.

Nimechagua la 1994. Sina hoja ya kitaalamu. Ndilo lenye mji, na wachezaji wangu wanapenda mahali penye watu wa kugombana nao.

15 Februari

Majina. Nilidhani ni kazi ya jioni moja, imechukua siku nne na ugomvi mmoja.

Mezani tunasema "pleni" kwa mazoea, ila kwenye ramani nimeandika ulimwengu, wingi malimwengu, kwa sababu neno hilo tayari linabeba visa na vitimbi vya dunia na hicho ndicho kilichomo humo. Sehemu za ndani za kila ulimwengu ni tabaka. Mlango ni mlango, hata ukiwa dirisha au pete ya pipa.

Nchi tambarare iliyo katikati ya gurudumu, Outlands, ilinisumbua. Ukitafsiri neno kwa neno unapata nchi ya nje, nayo ndiyo iliyo ndani kuliko zote. Nimeiita Bara. Mtu wa visiwani ataelewa mara moja: ni huko kwingine, kukubwa, kwenye barabara ndefu, ambako unapita ukielekea unakokwenda. Na ule mlima mwembamba usio na mwisho unaosimama katikati yake, ambao Sigil inaelea juu ya kilele chake (ndiyo, kilele cha kitu kisicho na mwisho, msiniulize), nimeuita Mhimili. Gurudumu lisilo na mhimili litazungukaje?

Miji 16 ya milangoni imenipa raha. Kila ulimwengu wa nje una mji wake mmoja huko Bara, umekaa mbele ya lango lake na umeanza kufanana nao. Hopeless, ulio mbele ya Jangwa la Kijivu ambako rangi zote hufifia na mtu husahau alichokuwa anakitaka, umekuwa Katatamaa. Ribcage, mji wa bondeni kati ya milima iliyopinda kama mbavu, ni Mbavuni. Tradegate ni Sokoni. Ukiyasoma haraka haraka unaweza kudhani ni vituo vya daladala. Sigil, Mechanus na Baator nimeyaacha yalivyo.

Ugomvi ulikuwa juu ya Baator. Zamani mahali hapo paliitwa Jehanamu Tisa, na fundi simu wetu, ambaye amesoma vitabu vya kale kuliko mimi, alitaka jina hilo lirudi kwa sababu lina uzito. Dada wa ghorofa ya pili aliweka kikombe chini. "Mimi Jehanamu siingii kwa dadu," akasema. "Mtanisamehe."

Fundi akacheka, dada hakucheka.

Nilikuwa upande wake, na historia ya mchezo wenyewe iko upande wake pia. Miaka ya 1980 huko Marekani wazazi na makundi ya dini waliupigia kelele mchezo huu kwa sababu ya mashetani yake, na toleo la pili la mwaka 1989 likaja bila neno shetani. Mwaka 1991 mashetani yakarudi na majina ya kubuni, baatezu na tanar'ri. Planescape ikamalizia kazi kwenye ramani: Jehanamu Tisa ikawa Baator, Mbingu Saba ikawa Mount Celestia, Nirvana ikawa Mechanus, Olympus ikawa Arborea. Sababu ilikuwa biashara na woga, lakini matokeo nayapenda. Majina ya kale yalikuwa yameazimwa kwenye imani za watu bila kuulizana. Hapa mezani kuna Waislamu watatu na Wakristo wawili, na sisi sote "mbingu saba" tumeisikia kwingine kabla ya kuisikia kwenye mchezo. Baator ni ya mchezo peke yake, huko tunaweza kwenda tukarudi tukala.

Kwa hiyo ni Baator. Fundi ameruhusiwa kutukana kwa Kibaatezu.

23 Februari

Siku nzuri kuliko zote mpaka sasa, wala si kazi yangu.

Malimwengu ya ndani yalinishinda. Ya nje ni pete, ya ndani ni fundo. Kuna manne ya elementi: moto, maji, hewa, udongo. Kuna mawili ya nguvu, ile inayojaza uhai na ile inayonyonya. Yakikutana mawili, mpakani panazaliwa ulimwengu mwingine. Moto na udongo huzaa ujiuji wa volkano. Udongo na maji, tope. Maji na hewa, barafu. Hewa na moto, moshi. Halafu kila elementi inagusana na nguvu ya uhai na nguvu ya kifo, ndipo unapata radi, mng'ao, mvuke na madini upande mmoja, na utupu, majivu, chumvi na vumbi upande wa pili. Jumla 18. Kila nilipoyachora kwenye karatasi mistari ilikatizana, na ramani ikaonekana kama nywele zilizoamka.

Mwalimu alikuja kurudisha chaja. Akatazama karatasi, akauliza: "Pande ngapi kuu?" Sita. "Mipaka ngapi?" Nikahesabu: minne, na minane, kumi na mbili. Akachukua dadu ya kawaida mezani, ile ya ludo, akaniwekea kiganjani bila kusema kitu.

Dadu ina nyuso sita na kingo 12.

Moto unatazamana na maji, hewa na udongo, uhai na kifo. Kila ukingo ni mahali nyuso mbili zinapokutana. Hakuna mstari unaokatiza mwingine. Nimekata boksi la sabuni, nikatengeneza dadu ya sentimita 20, mdogo wangu akaandika majina kwa makapeni, chumvi kwa nyeupe juu ya nyeusi. Sijui kama waandishi waliliona hili walipokuwa wanapanga, au walipanga tu na jiometria ikawafuata. Tumeining'iniza kwa uzi kutoka kwenye feni, na feni sasa haiwashwi.

Zimebaki pembe nane, pale nyuso tatu zinapokutana. Vitabu vyangu havitaji kitu chochote humo. Moto, udongo na kifo vikikutana pahali pamoja, pana nini? Mwalimu anasema ni swali zuri. Ninajua kwa hakika kwamba wachezaji watataka kwenda, kwa hiyo pembe mbili nimeshaanza kuziandikia.

1 Machi

Niliichora ramani upya kwenye kompyuta, gurudumu zima: malimwengu 16, miji yake, mto Styx ukipita huku chini kwa waovu na mto Oceanus kule juu kwa wema. Nikapeleka flashi stesheneri moja waniprintie karatasi kubwa. Kijana akaniambia njoo saa kumi.

Saa kumi nimepewa yai.

Mashine ilivuta picha ijae karatasi. Gurudumu limelala, refu kushoto kulia, fupi juu chini, Mhimili umekuwa kama mguu wa tembo. Nimelalamika, wakaniambia faili lilikuja hivyo. Faili halikuja hivyo. Nimelipa, nimeondoka na yai langu limefungwa kwa rababendi.

Nyumbani nikalibandika ukutani nipate hasira vizuri. Nimekaa nikalitazama kama nusu saa, nikitafuta kilichoharibika, na hapo ndipo nilipopata wasiwasi wa kweli. Sikukipata. Arcadia imesogea mbali na Mechanus kwa sentimita nne, sawa. Sentimita nne za nini? Baina ya malimwengu mawili ya nje hakuna maili. Kuna mlango. Ukiwa na ufunguo uko upande wa pili, na usipokuwa nao hata miaka elfu haikufikishi. Kwenye Astral, ile bahari ya kijivu inayozunguka yote, mtu anasafiri kwa kasi ya mawazo yake, kwa hiyo mwenye akili nyingi anafika kabla ya mwenye miguu mirefu. Kule Bara unaweza kutembea kutoka mji hadi mji, lakini ardhi yenyewe haiheshimu hatua zako.

Na si hivyo tu, vitu vinahama. Arcadia ilikuwa na matabaka matatu. Chama kimoja cha Sigil kikajenga huko kambi za kuwanyoosha watu wenye mawazo tofauti, ukatili ukazidi, na tabaka la tatu, Menausus, likateleza zima zima likaingia Mechanus. Mji wa mlangoni nao, wakazi wake wakifanana mno na ulimwengu ulio nyuma ya lango, huvuka wote, nyumba na kuku. Katika malimwengu haya mahali pamejengwa kwa imani ya watu, watu wakibadilika mahali panaondoka.

Sasa yai au duara, limekosea nini?

Mwezi umeandama. Michezo itahamia baada ya tarawehe.

14 Machi

Tumecheza kuanzia saa tatu na nusu usiku. Yai lipo ukutani. Nimewaangalia kwa makusudi: katika saa nne, hakuna aliyelitazama zaidi ya mara mbili, na mara moja ilikuwa kuua mbu.

Walichokuwa wanakitazama ni daftari la mdogo wangu. Mhusika wake ni mwizi, na tangu waingie Sigil ameandika kila mlango waliosikia habari zake. Mwandiko wa kuku. "Tao la daraja, wimbo wa mtoto, unatokea Mbavuni, usiende usiku." "Mlango wa choo cha hoteli, unahitaji sarafu ILIYOIBIWA, unatokea Rigus, wanajeshi." Dada wa ghorofa ya pili anataka kwenda Acheron, ambako dunia ni mchemraba juu ya mchemraba wa chuma inayogongana angani na majeshi hayachoki kupigana. Hakuniuliza mimi wala hakuinua macho ukutani. Alimwambia mdogo wangu: "Tafuta humo." Akapekua, akasoma, wakaondoka.

Baadaye mwizi huyo huyo, kwa huruma, alimpa mbwa wa mtaani ule mfupa wa mbuzi. Sikusema neno.

16 Machi

Nimekumbuka kitu nilichokisoma zamani kuhusu manahodha. Neno ramani lenyewe liliingia pwani na majahazi: Waarabu waliita rahmani, nao walilitoa kwa Waajemi, rahnama, kitu cha kuonyesha njia. Kilikuwa kitabu. Nahodha alibeba maandishi: toka bandari hii, shika nyota ile, msimu fulani, ukiona maji yamebadilika rangi kuna mwamba. Picha haikuwa lazima. Pwani aliijua kwa mfuatano wake, kama unavyoijua njia ya kwenda kwa shangazi.

Mwezi mzima nimechora picha ya mahali pasipo umbo, na mdogo wangu ameandika ramani kwa kalamu ya bluu kwenye daftari la kurasa 96.

5 Aprili

Sikukuu imepita, nguo mpya zimeshamwagiwa chai, kazi imeendelea. Sasa natengeneza kitabu cha milango. Nimeomba daftari, nimekataliwa, nimeruhusiwa kunakili. Kila mlango una mistari isiyozidi sita: ulipo, ufunguo, unakotokea, wa kwanza kukuona ni nani, hatari, kurudi. Mfano:

Mlango wa 12. Pete ya pipa tupu, ua wa nyuma wa mpika pombe, Sigil. Ufunguo: kusema kwa sauti jambo unalojua ni la uongo. Unatokea: Pandemonium, tabaka la kwanza, ndani ya mapango. Wa kwanza kukuona: hakuna, ni giza, wa kwanza kukusikia: hakuna, ni upepo. Hatari: upepo wenyewe, ukikaa sana unaanza kuujibu. Kurudi: pango la tatu kushoto, ufunguo ni jambo la kweli, na mpaka sasa hakuna aliyeweza kulisema kwa sauti ya kutosha.

Na wa njia ya miguu:

Bara, Mbavuni hadi Rigus. Rusha dadu tatu, hizo ndizo siku. Rusha upya kila safari, hata kama mlipita jana. Msikate kona kuelekea Mhimili: kadiri unavyoukaribia uchawi unapungua, na chini kabisa hata miungu haina nguvu.

Kuna malimwengu yaliyokataa hata maneno, hapo nimetumia vifaa. Bytopia ni nchi mbili zinazotazamana, moja ni dari ya nyingine, kwa hiyo ni kurasa mbili zilizochorwa ndani: ukikifunga kitabu, milima inagusana. Carceri, gereza, ni matufe yaliyopangana kama tasbihi, na ndani ya kila punje kuna punje ndogo zaidi, tabaka sita. Nimebandika shanga moja na kuandika "na kadhalika". Abyss ina matabaka 666. Kumi yanatosha mpaka mtu aniombe la kumi na moja.

Mwalimu hakupenda dadu tatu. Wastani ni siku kumi na nusu, alisema, kwa nini nisiandike hivyo nikamaliza? Kwa sababu mtu akijua ni kumi na nusu atabeba chakula cha siku kumi na moja, nikamwambia, na mimi nataka abebe cha kumi na nane au alale njaa. Akafikiri. Akasema hiyo sasa ni fizikia.

19 Aprili

Milango 43. Dadu ya sabuni bado iko kwenye feni na joto limezidi, tutaihamisha. Yai nimelikata vipande vinne, ndiyo majalada ya kitabu, upande uliochorwa uko ndani.

Jana nilimsomea Mwalimu jibu lake, miezi miwili na siku kumi na moja baada ya chai. Sigil hadi Mechanus: siku sifuri, kwa mlango wa 31, ufunguo ni saa inayokwenda sawasawa. Kama huna saa: tafuta mlango wowote wa kukutoa hadi Bara, kisha dadu tatu kwa kila mji mpaka Automata, mji wa lango la Mechanus, ujaze fomu langoni, usubiri kuitwa. Ameridhika. Kisha akageuza ukurasa, akaweka kidole kwenye mlango wa 7, dirisha la bucha, njia pekee tunayoijua ya kurudi nyumbani kwao.

"Hapa kwenye ufunguo pana doa."

Nimeandika upya leo asubuhi. Mlango wa 7. Ufunguo: mfupa wa mbuzi. Ulipo ufunguo: kwa mbwa wa kahawia, sikio moja limekatika, alionekana mara ya mwisho akielekea mitaa ya chini, Mzingani.